Kukataa bila kususiwa

Tanga hatumfukuzi mtu. Hakuna mzee wa mtaa atakayesimama Makorora au Chumbageni akatangaza kwamba fulani si mwenzetu tena. Kinachofanyika hakina kelele na kinauma zaidi: watu huacha kuja. Umeandaa hitma ya marehemu baba yako, mpishi kapika wali wa watu mia, wanakuja kumi na wawili, na nusu yao ni wapangaji wako. Ukipita barazani salamu inajibiwa vizuri tu, ila mazungumzo yanasimama mpaka ukate kona. Umesusiwa. Aliyewahi kuliona hilo likimpata jirani hashangai kwa nini watu wa pwani hii hukubali mambo wasiyoyataka: kuchangia harusi za watu wasiowajua, kumwoa binamu aliyechaguliwa na shangazi, kushona sare ya tatu ndani ya mwezi mmoja.

Hata hivyo wapo wanaokataa, na shughuli zao zikifika hujaa mpaka majamvi yakaazimwe mtaa wa pili. Hao ndio wa kuwachunguza. Nimewatazama kwa muda, wanaume kwa wanawake, na kinachowaunganisha si ukali wala ufundi wa maneno. Ni kwamba hawakosi msibani.

Anza hapo, kabla hujawaza kukataa chochote. Usipoonekana harusini utasemwa wiki moja, kisha inakuja harusi nyingine na watu wana la kusema jipya. Usipoonekana msibani utakumbukwa mpaka siku ya msiba wako. Na kufika kwenyewe kuna daraja. Kuna anayefika jeneza likitoka, akasimama safu ya mwisho, akapanda bodaboda kurudi dukani. Huyo kaonekana, basi. Kuna anayefika asubuhi turubai halijafungwa, akauliza kama viti vimeshaagizwa, na akiambiwa bado anaondoka kwenda kuvitafuta bila kuomba nauli. Zamu yake ya jembe ikifika makaburini anavua viatu anashuka. Jioni ya pili, wageni wa Muheza na Korogwe wameshaondoka, anarudi kukaa na wafiwa jamvini hata kama hana la kusema. Kwa wanawake kipimo ni jikoni: nani kaja na kisu chake, nani kamenya vitunguu mpaka macho yakavimba, nani kabaki mpaka matanga yameanuliwa. Ubani wako unaweza kuwa mdogo kuliko wa wote na usiwe na neno.

Mtu wa namna hii akisema baadaye, "Harusi hii sitaweza," watu husema lazima ana sababu. Asiyezika akisema maneno hayohayo husemwa ana kiburi. Ni kama mchezo wa kijumbe: anayedai zamu yake ni yule aliyekuwa akitoa.

Ukishajiwekea heshima hiyo, kichambue kile unachoambiwa ni lazima. Wazee wetu hutaja dini, mila na fahari kwa pumzi moja, na kijana akisikia anadhani vyote vina uzito sawa. Chukua harusi. Nikahi inataka walii wa bibi arusi, mashahidi wawili, mahari, na kauli ya kuozesha na kukubali. Hiyo ni dini, na inaweza kumalizika msikitini baada ya alasiri kwa tende na halua. Mkaja wa mama, kilemba, haki ya mjomba, haki ya somo: hiyo ni mila, ina wenyewe, na ukiigusa umewagusa watu kwa majina yao. Ukumbi, kadi, mshereheshaji, gari la maua, kicheni pati, sendofu, sare ya rangi mbili: hiyo ni fahari, na sehemu kubwa yake ni ya juzi.

Kwa hiyo unapokataa, taja unachokubali kabla ya unachokikataa. "Mkaja wa mama nitautoa kamili, na kilemba nitakitoa siku ileile. Ukumbi sina." Ukisema hivyo mama mkwe hana pa kukushika, kwa sababu haki yake umeitaja kwanza. Ukianza na ukumbi, utakachosikia ukirudishiwa ni kwamba umegoma mkaja.

Utaambiwa, "Hivi ndivyo tulivyokuta." Kwa kiasi fulani ni kweli. Mashindano ya shughuli hapa kwetu ni ya zamani kuliko babu wa yeyote aliye hai. Pangani ya karne ya 19, enzi za misafara ya pembe na mashamba ya miwa, watu waliotaka jina mjini walilitafuta kwa karamu na ngoma, kila mmoja akijitahidi kulisha wengi kuliko mwenzake. Baada yake ikaja ngoma ya beni, na Tanga ikagawanyika kati ya Marini na Arinoti, waliopambana kwa mavazi ya kizungu, vyeo vya kijeshi vya kujipa na gharama za kukomoana. Wazee wa wakati huo walinung'unika kwamba vijana wameacha mila. Reli ilianza kujengwa kutoka Tanga mwaka 1893, na mwaka huohuo mkonge ukaletwa nchini. Watu wakamiminika kutoka bara kuja kufanya kazi, na Ngamiani yenye barabara za namba ikajaa kabila juu ya kabila. Kila mmoja alikuja na desturi yake, wakakopeshana, na leo zote zinaitwa "zetu".

Usimwambie mzee maneno haya usoni. Muulize tu, "Babu, harusi yako ilikuwaje?" kisha nyamaza umsikilize. Ataanza na mshenga, atapita kwenye mahari, atafika kwenye ngoma iliyochezwa uani mpaka alfajiri, na kama ana miaka themanini hatataja ukumbi popote. Akimaliza kusimulia, hoja yako ameibeba yeye. Mpe kahawa nyingine.

Kuna jambo jingine ambalo wenyeji wa Mkinga na Pangani wanalijua kwa kuliishi. Wadigo na Wazigua kwa asili hufuata ukoo wa mama: mjomba ndiye mwenye sauti, na mali ya zamani ilikwenda kwa watoto wa dada. Uislamu ulipoingia ukaja na mirathi yake, inayowapa watoto wa marehemu mafungu yao yanayojulikana. Mambo haya mawili yamekaa nyumba moja kwa vizazi, na watu wamejifunza kutembea katikati yake. Somo la kulichukua ni kwamba desturi moja ikikubana, mara nyingi kuna nyingine halali imekaa pembeni, na mzee wa kuisemea yupo. Baba kang'ang'ania? Mjomba ana neno. Wajomba wamekataa? Shekhe wa mtaa ana neno. Anayepinga mila kwa kutumia mila nyingine hasemwi mwasi, anasemwa mjuzi. Anayetumia maneno ya semina aliyohudhuria Dar es Salaam atasikilizwa kwa adabu, na hakuna atakayemfuata.

Kukataa kwenyewe kusifanywe mbele ya watu. Kikaoni hakuna mzee anayeweza kubadili neno lake, maana anatazamwa. Nenda kabla ya kikao, nyumbani kwake, jioni, mkono usiwe mtupu, na kama jambo lina uzito usiende mwenyewe kwa mhusika. Pitia kwa mtu wa tatu. Tuseme shangazi anataka umwoe bintiye. Usimkabili shangazi. Nenda kwa mjomba:

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba baba. Naona umekuja na shida."

"Si shida mjomba, nataka ushauri. Shangazi ananitajia bintiye. Yule nimekua naye, kwangu ni dada. Nikimjibu mwenyewe nitamvunja moyo."

"Umeshapata mwingine?"

"Bado."

"Basi mwambie bado. Kwa nini umwambie hutaki?"

"Nikimwambia bado atangoja, mjomba. Na binti atakaa akingoja na watu watampita. Si haki yake."

Mjomba anajikuna kidevu. "Hilo la binti kupitwa," anasema, "ndilo nitakalokwenda nalo."

Tazama kilichofanyika. Kijana hakusema moyo wake unataka nini, ingawa ndilo jambo lenyewe. Amempa mjomba sababu inayowabeba shangazi na bintiye, na mjomba kaipokea kwa sababu anaweza kuitamka mbele ya shangazi bila aibu. Mjumbe unayemtuma mpe kitu cha kubeba. Akienda mikono mitupu atarudi na ujumbe wa upande wa pili.

Na usitumie "bado" kama njia ya kukimbia. Pwani tunaipenda mno "bado", pamoja na "inshallah" isiyo na nia, na madhara yake ni makubwa kuliko "hapana" iliyosemwa vizuri. Watu wamenunuliwa vitanda na makabati kwa "bado" ya mtu aliyeona haya.

Mafumbo nayo yana mahali pake. Shaaban Robert, mzaliwa wa Vibambani nje kidogo ya mji wa Tanga, alikuwa mtumishi wa serikali ya kikoloni tangu 1926, akianza na ukarani wa forodha. Alipotaka kusema kuhusu wakubwa wasiotaka kusikia, hakuandika barua ya malalamiko. Alitunga nchi iliyo angani, akaiita Kusadikika, na mwaka 1951 kitabu kikatoka. Ndani yake Karama anashtakiwa na Waziri Majivuno kwa kosa la kufundisha sheria, na utetezi wake wote ni masimulizi ya wajumbe sita ambao nchi hiyohiyo iliwatuma nje, wakarudi na mema, ikawaadhibu. Hakuleta ushahidi wa kigeni. Aliwasomea Wakusadikika mambo yao wenyewe. Ukitaka kusema na mkubwa aliye juu yako, njia ndiyo hiyo: simulia kisa kinachomhusu babu yake, au mtu wa mtaa wa mbali, na umwachie nafasi ya kujitambua bila wewe kumnyooshea kidole.

Fumbo likielekezwa kwa mwenzako wa rika moja, mambo hugeuka. Pwani nzima inajua kwamba kanga husomwa kabla ya kuvaliwa, na kwamba anayesimama kutunza katikati ya ubeti fulani wa taarabu hatunzi mwimbaji peke yake. Vikundi vya taarabu vya Black Star na Lucky Star viliifanya Tanga isikike kote Afrika Mashariki, na Shakila, binti wa Pangani, aliwaimbia wengi yale waliyoshindwa kuyasema majumbani mwao. Hiyo ni sanaa, na ni faraja. Lakini ukimjibu wifi yako kwa doti ya kanga, atakwenda Barabara ya 12 kutafuta inayokujibu, na kuna wauzaji wanaokumbuka nani kanunua nini kwa ajili ya nani. Kwa mtu wa rika lako sema moja kwa moja, mkiwa wawili, kisha maliza.

Sasa michango, maana ndiyo inayokula watu kila mwezi. Kosa linaanzia kwenye ahadi. Umeingizwa kwenye kundi la WhatsApp la harusi ya mtoto wa bosi mstaafu, orodha inapita, majina yana laki na hamsini, na wewe kwa haya unajiandika hamsini usiyokuwa nayo. Kuanzia hapo unadaiwa na mwenyekiti, na mhazini anakutumia majina ya "ambao bado" kila Ijumaa. Usiahidi kabisa. Toa kiasi unachoweza siku unayopokea kadi, mkononi, useme ndicho nilichojaliwa, na ufunge mlango. Elfu kumi ya leo inakumbukwa vizuri kuliko laki iliyofuatiliwa. Kama huna hata hiyo, toa kitu ulicho nacho: mkokoteni wako wa kubebea maji, friji lako la kugandishia barafu, gari la kwenda kumchukua shangazi Pongwe, siku yako nzima ya kusimamia chakula. Kamati zinajua kwamba fedha hupatikana, mtu wa kusimamia chakula bila kuficha kuku hapatikani.

Kwenye sare, akina mama wenye busara wana njia ninayoipenda. Hushona moja nzuri kwa mwaka, ya shughuli ya damu, na kwa nyingine zote huja na doti ya kanga safi na uso mkunjufu, wakaenda moja kwa moja jikoni. Anayeonekana jikoni hakaguliwi rangi ya gauni. Na daftari la kutunzana, lile linaloandika nani kampa nani ili arudishiwe na nyongeza, usiliingie kama hulimudu. Ukishapokea umeingia. Atunzwe bibi arusi; wewe omba mapema usitunzwe, kabla mwandishi hajafungua kalamu.

Kazi nitaipita haraka. Kijana anayeacha ofisi akaenda kulima michungwa Muheza ataulizwa amefukuzwa kwa wizi gani. Utubora, mhusika wa Shaaban Robert, naye aliacha kazi ya mshahara akarudi kulima, na wahusika waliomzunguka walimshangaa vilevile. Dawa ni msimu mmoja wa mavuno na magunia mawili ya machungwa yaliyogawiwa mtaani bila maelezo. Binti anayetaka kuendesha bodaboda ana safari ndefu zaidi, na mimi sina dawa yake ya haraka zaidi ya kuanza na abiria ambao ni shangazi zake. Wakishapanda wao, wana sababu ya kumtetea.

Yale madogo, kubali yote. Shikamoo itoe kwa kila aliyekuzidi, hata yule uliyegombana naye jana. Chakula cha mtu kionje. Ijumaa vaa kanzu. Mtu anayeamua kupinga kila kitu, kuanzia salamu mpaka urithi, hupoteza nguvu kwenye salamu na akafika kwenye urithi hana msikilizaji.

Piga hesabu pia ya nani atakayekutoza gharama, kwani mara nyingi si yule unayemwogopa. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo ndiye aliyechangia sehemu kubwa ya Desturi za Wasuaheli, kitabu kilichochapishwa Ujerumani mwaka 1903. Hakuna aliyejua zaidi yake lipi linatarajiwa kwa mtu wa pwani. Akiwa Berlin akifundisha Kiswahili alimwoa Mjerumani, Bertha Hilske, mwaka 1904. Walipopanda meli mwaka uliofuata kuja nyumbani, waliowazuia kushuka hawakuwa majumbe wa Bagamoyo wala masharifu. Ilikuwa serikali ya kikoloni ya Kijerumani, iliyoona aibu ya Mzungu kuolewa na mwenyeji. Alirudi Ujerumani, akafia huko mwaka 1927. Anayeoa nje ya kabila leo Tanga hujiandaa miezi kwa hasira za mama yake, na mama analainika mjukuu wa kwanza akizaliwa, kumbe mwajiri au mwenye nyumba ndiye aliyebadilisha uso.

Yote niliyoyasema ni kwa mambo yanayoweza kungoja. Kuna yasiyongoja, na hapo usipitie kwa mjomba. Ndoa ya mkeka, ile ya kukutwa chumbani wakaitwa watu na shekhe usiku uleule, si ndoa kisheria kama mmojawapo amelazimishwa: Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inataka ridhaa ya hiari ya pande zote mbili, na isipokuwepo ndoa ni batili. Sheria hiyohiyo inataka taarifa ya kusudio la ndoa itolewe siku 21 kabla, na mwenye pingamizi anaweza kuliwasilisha. Kuhusu umri, Mahakama Kuu mwaka 2016, katika kesi iliyofunguliwa na Rebeca Gyumi, ilisema vifungu vinavyoruhusu wasichana kuolewa kabla ya miaka 18 vinakiuka Katiba, na Mahakama ya Rufani ikakubaliana nayo mwaka 2019. Aliyeko shule ya msingi au sekondari ana kinga kali zaidi: marekebisho ya mwaka 2016 yameweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa mwanafunzi. Mtoto anayekabiliwa na hilo, au jirani anayelijua, apige 116, simu ya kusaidia watoto, au aende Dawati la Jinsia na Watoto kwenye kituo cha polisi. Mtaa utanuna. Uache unune.

Na kama umeshasusiwa? Usiitishe kikao cha kujieleza. Watu watakuja kusikiliza, na watatoka na maneno zaidi. Mtafute mzee mmoja anayeheshimika na pande zote, mwombe akuambie kosa lako ni lipi machoni pa mtaa, usijitetee hata akikosea, na mwombe akuombee radhi kwa waliokwazika. Akisema kuna faini ya mbuzi au ya sukari na kahawa, itoe. Kisha subiri msiba, ambao haukawii. Fika kabla ya turubai, bila kutoa salamu ya kutafuta macho ya watu, na uchukue kazi ambayo hakuna anayeigombania, kama kuteka maji ya kuoshea vyombo. Siku ya kwanza hawatakuongelesha. Msiba wa pili mtu atakuuliza ndoo nyingine iko wapi. Mwonyeshe ndoo, na usianze kueleza mambo ya zamani.